Pezi la Kifua: Historia Yake Kutoka Mito ya Elgon Hadi Bahari ya Hindi

Pezi la kifua ni kiungo kinachoota ubavuni mwa samaki, nyuma tu ya kifuniko cha mashavu. Huwa mawili, moja kushoto na jingine kulia. Samaki wengi pia wana mapezi ya tumbo, nayo ni mawili, ilhali pezi la mgongo, la mkia na lile la nyuma ya tumbo hupangwa katika mstari mmoja wa kati ya mwili. Tofauti hiyo ina uzito wake, kwa kuwa ni mapezi ya jozi tu yaliyokuja kuzaa mikono na miguu ya wanyama wa nchi kavu.

Katika samaki wengi wanaoliwa Afrika Mashariki, pezi la kifua ni ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya vijiti vya mfupa. Mashina ya vijiti hivyo yamekaa juu ya mifupa midogo, nayo mifupa hiyo imeshikizwa kwenye mshipi wa bega ulioungana na fuvu la kichwa. Kundi moja la misuli hulivuta pezi mbele na kando, jingine hulirudisha mwilini. Kila kijiti kimegawanyika nusu mbili zilizolala pamoja. Nusu moja ikivutwa zaidi ya nyingine, kijiti hupinda. Kwa hiyo samaki hapigi tu pezi lake kama ubao mgumu. Huweza kulikunjua, kulipinda, kulizungusha na kulibana ubavuni apendavyo.

Kazi za pezi hili ni nyingi: kupiga breki, kugeuka, kurudi nyuma, kusimama mahali pamoja, kung'ang'ania mawe, kutambaa, kujikinga, kutoa sauti, kupapasa na hata kuruka hewani. Namna lilivyopata kazi hizo, na namna watu walivyokuja kuzielewa, ni historia inayoweza kufuatwa kando ya mito inayoteremka kutoka Mlima Elgon kupitia maeneo ya Kimilili, hadi Ziwa Victoria na mwambao wa Bahari ya Hindi.

Kabla ya miguu

Samaki wa kwanza hawakuwa na mapezi ya jozi wala taya. Dalili za kale za mapezi hayo zinapatikana katika visukuku vya samaki wasio na taya waliovaa magamba mazito kama ngao, walioishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Baadhi yao walikuwa na mapezi ya kifua yenye misuli, nyuma tu ya kichwa, lakini hawakuwa na mapezi ya tumbo.

Wataalamu wa karne ya 19 walibishana kuhusu chanzo chake. Mjerumani Carl Gegenbaur alifundisha kwamba mshipi wa bega na pezi lake vilitokana na tao la mashavu lililosogea nyuma. James Thacher wa Marekani, mwaka 1877, na baada yake St. George Mivart na Francis Balfour wa Uingereza, waliona kwamba zamani palikuwa na mkunjo mrefu wa ngozi ubavuni mwa samaki, ambao baadaye ulikatika ukabaki vipande viwili: cha kifua na cha tumbo. Mwaka 2022 kulitangazwa kisukuku kutoka China, kiitwacho Tujiaaspis, cha miaka milioni 436 hivi, chenye mapezi marefu yasiyokatika yaliyoanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani. Kiliipa nguvu hoja ya mkunjo, ingawa wafuasi wa Gegenbaur nao wana ushahidi wao katika ukuaji wa viinitete vya papa.

Baada ya taya kutokea, samaki wenye mifupa waligawanyika koo mbili. Ukoo wa kwanza ulibaki na mapezi ya vijiti. Humo wamo ngege, mbuta, omena na kambare. Ukoo wa pili ulikuza mapezi yenye nyama na mfupa mmoja mkubwa unaoungana na bega. Huo ndio uliozaa kamongo, silikanti na wanyama wote wenye miguu minne. Mwaka 2004 watafiti walioongozwa na Edward Daeschler, Neil Shubin na Farish Jenkins walichimbua katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada, kisukuku cha miaka milioni 375 kilichopewa jina la Tiktaalik na kutangazwa mwaka 2006. Alikuwa na magamba na vijiti vya pezi, lakini ndani ya pezi lake la kifua mlikuwa na mfupa wa mkono wa juu, mifupa miwili ya kigasha na mifupa midogo ya kifundo. Pezi la aina hiyo lingeweza kuuinua mwili kutoka chini ya maji ya kina kifupi. Kwa hiyo kazi ya kubeba uzito ilianza majini, kabla ya mguu wa kweli kukanyaga nchi kavu.

Mto na samaki wake

Mji wa Kimilili, katika Kaunti ya Bungoma, umekaa kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Elgon, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha mlima kina mita 4,321, na Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134. Kati ya ncha hizo mbili hupita mito kama Kuywa na Kibisi, inayojiunga na Mto Nzoia. Juu maji ni baridi, yana kasi na yanapita juu ya mawe; katikati yanatulia kidogo; chini, karibu na Budalang'i, yanatambaa katika mabonde yanayofurika. Kila sehemu ina samaki wake, na pezi la kifua la kila mmoja hueleza anaishi wapi.

Katika vijito vya mawe vya bonde la Ziwa Victoria huishi kambare wadogo wa mlimani wa jenasi ya Amphilius, wasiozidi urefu wa kidole kirefu. Mapezi yao ya kifua ni mapana na yametandazwa kwa ulalo karibu na tumbo. Maji yanapowapitia, mapezi hayo huwakandamiza kwenye jiwe badala ya kuwanyanyua, na samaki hubaki palepale bila kuogelea. Jirani zao wa jenasi ya Chiloglanis wametegemea njia nyingine: midomo yao imekuwa kama kikombe cha kunyonyea jiwe, na mapezi ya kifua yanasaidia tu.

Chini kidogo, ambako mto una mchanga na mawe yaliyoota ukungu wa kijani, huonekana samaki waitwao fwani na ningu. Ningu hula kwa kuparuza mimea midogo iliyoganda juu ya mawe, kwa mdomo uliogeuzwa chini. Mapezi yake ya kifua yako chini ya ubavu, mahali panapomfaa samaki anayekaa karibu na sakafu ya mto: akiyaelekeza vizuri dhidi ya maji, hupata kutulia na kula bila kuchukuliwa. Mvua zinapoanza, ningu wa ziwani hupanda mto kwa makundi kwenda kutaga kwenye majani yaliyofurikiwa.

Mito inapotulia huanza himaya ya kambare, anayejulikana pia kwa jina la mumi. Kijiti cha kwanza cha pezi lake la kifua kimekuwa mwiba mnene wa mfupa wenye ukingo wa mikwaruzo. Mwiba huo hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni ulinzi: kwenye kiungo cha bega una kifundo kinachougeuza na kuukaza, hivi kwamba ndege au samaki mkubwa hukuta windo lake limetanda pande zote mbili. Ya pili ni safari. Kambare ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya mashavu yake, na usiku wa mvua huweza kutoka kwenye dimbwi linalokauka akaelekea jingine. Huisimamisha miiba yake, akaichomeka kwenye tope, mmoja upande huu na mwingine upande ule, huku mwili ukipinda kushoto na kulia kumsukuma mbele.

Okoko, samaki wa jenasi ya Synodontis, ameongeza kazi ya tatu. Shina la mwiba wake wa kifua lina matuta madogo. Anaposhikwa, huuzungusha mwiba ndani ya tundu lake la begani, matuta yakasuguana na mfupa, na sauti ya kukwaruza ikasikika hata nje ya maji. Mvuvi anayemtoa okoko wavuni hufanya hivyo kwa subira: miiba ikiwa imekazwa, kumvuta kwa nguvu huchana nyavu na vidole pamoja.

Wakazi wa bonde la Nzoia waliyajua mambo haya kwa matumizi muda mrefu kabla ya maandishi. Uvuvi wa mtoni ulifuata mvua: uzio wa vijiti na matete ulijengwa kukata mto, na katika nafasi zilizoachwa ikawekwa migono iliyosukwa. Samaki aliyeingia kwenye mgono hakuweza kutoka kwa sababu mdomo wa ndani ulikuwa na vijiti vilivyochongoka kuelekea ndani. Kambare na okoko, wenye miiba iliyotanda, walinaswa wakijaribu kurudi nyuma.

Majina na makabati

Elimu ya maandishi kuhusu samaki hawa ilianza mbali na mto. Mwaka 1837 Leopold Fitzinger wa Vienna alitoa maelezo ya mnyama wa Amerika Kusini aliyeitwa Lepidosiren, mwenye mapafu na viungo vinne vyembamba kama nyuzi, akamweka miongoni mwa wanyama watambaao. Mwaka 1839 Mwingereza Richard Owen alichunguza jamaa yake kutoka Gambia na kusisitiza kwamba ni samaki. Ubishi huo ulihusu hasa mapezi: je, uzi laini unaotoka begani ni pezi lililopungua au mguu usiokomaa? Kamongo wa Ziwa Victoria, Protopterus aethiopicus, alipewa jina la kisayansi na Johann Jakob Heckel mwaka 1851. Yeye pia ana mapezi ya kifua marefu na membamba yasiyo na utando mpana, na ndani yake umo mnyororo mmoja wa vipande vya gegedu.

Samaki wengi wa Nzoia walipata majina yao ya kisayansi mikononi mwa George Albert Boulenger wa Makumbusho ya Uingereza, London. Alimpa fwani jina mwaka 1900 na ningu mwaka 1901, mwaka uleule reli ilipofika Kisumu. Kambare wa mlimani Amphilius jacksonii alifuata mwaka 1912, akibeba jina la Frederick Jackson, gavana wa Uganda wakati huo, aliyewahi kuupanda Mlima Elgon mwaka 1890. Kati ya 1909 na 1916 Boulenger alichapisha orodha ya samaki wa maji baridi wa Afrika katika juzuu nne. Humo umbo la pezi la kifua na idadi ya meno ya mwiba wake vilikuwa alama za kutofautisha spishi, lakini samaki wenyewe walikuwa wamekufa na kuwekwa kwenye chupa za pombe kali. Pezi lilihesabiwa vijiti na kupimwa urefu bila kuonekana likifanya kazi.

Trauti na mizani ya upepo

Wakati huohuo walowezi walileta samaki wa kigeni. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliingiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, yakapandwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Baadaye trauti walisambazwa katika mito mingine ya nyanda za juu, ikiwa ni pamoja na mito ya Mlima Elgon, na mwaka 1952 Vernon van Someren alichapisha kitabu kuhusu maisha yao nchini Kenya. Trauti mchanga anayesubiri chakula kwenye mto wenye kasi hutandaza mapezi yake ya kifua na kuyainamisha mbele, ili maji yamkandamize chini. Ni mbinu ileile ya kambare mdogo wa mlimani, iliyofikiwa na ukoo mwingine kabisa wa samaki.

Uchunguzi wa pezi likiwa kazini ulianza kwa dhati mwaka 1926, Charles Breder wa New York alipogawa mienendo ya samaki katika makundi. Kundi mojawapo lilikuwa la samaki wanaoogelea kwa kupiga mapezi ya kifua huku mkia ukipumzika. Miaka kumi baadaye J. E. Harris alitengeneza sanamu ya papa mdogo na kuiweka ndani ya bomba la upepo, kama zilivyokuwa zikipimwa ndege. Papa hana kibofu cha hewa na ni mzito kuliko maji. Harris alipata kwamba mapezi ya kifua yaliyotandazwa hutoa msukumo wa kwenda juu upande wa mbele, unaosawazisha ule wa mkia. Maelezo hayo yaliingia vitabuni na kukaa humo kwa zaidi ya miaka 60.

Harris alieleza pia jambo linaloonekana kwa macho katika bwawa lolote la ngege. Samaki wa koo za kale, kama trauti na ningu, wana mapezi ya kifua chini ya ubavu. Ngege anayo juu zaidi, katikati ya ubavu, na shina lake limesimama wima. Anapolifungua ghafla ili kupiga breki, nguvu ya maji hupita karibu na kitovu cha uzito wake, na mwili haupinduki. Mapezi ya tumbo nayo yamesogea mbele, karibu chini ya yale ya kifua, yakizuia kichwa kuinuka. Mpangilio huo humwezesha ngege kusimama palepale, kugeuka katika nafasi finyu na kurudi nyuma.

Silikanti

Mwezi Desemba 1938, katika bandari ya East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer alimwona kati ya samaki wa meli ya uvuvi mmoja wa rangi ya buluu mwenye mapezi yaliyokaa juu ya mikono ya nyama. J. L. B. Smith alimtambua kuwa silikanti, ukoo uliodhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria, na mwaka 1939 akamwita Latimeria chalumnae. Wa pili alipatikana mwaka 1952 katika visiwa vya Komoro, baada ya miaka 14 ya kutafutwa.

Kwa kuwa pezi lake la kifua lina mfupa unaoungana na bega kama mkono, wengi waliamini kwamba silikanti hutembea juu ya sakafu ya bahari. Mwaka 1987 Hans Fricke na wenzake walishuka kwa nyambizi ndogo karibu na Ngazidja wakampiga picha akiwa hai. Hakutembea hata mara moja. Alielea taratibu karibu na mapango, pezi la kifua la kulia likienda pamoja na pezi la tumbo la kushoto, kisha kinyume chake, kwa mpangilio wa mnyama wa miguu minne anayetembea. Mwendo wa kutembea ulikuwamo katika mapezi, bila ardhi chini yake.

Mwaka 2001 silikanti mmoja alivuliwa na meli ya kukokota nyavu karibu na Malindi, wa kwanza kurekodiwa Kenya. Tangu 2003 walianza kunaswa Tanzania, hasa Tanga, katika nyavu za papa zinazotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 serikali ya Tanzania ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Nyavu, ziwa na mabwawa

Kwenye Nzoia, mabadiliko yaliletwa na nyavu. Nyavu za kunasa mashavu ziliingia katika Ziwa Victoria upande wa Kenya mwaka 1905. Michael Graham alilichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928 na kupendekeza matundu yasiwe chini ya inchi tano. Miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, zenye nguvu na zisizooza, zikategwa mbele ya midomo ya mito wakati ningu wakikusanyika kupanda. Mwaka 1959 Peter Whitehead alichapisha uchunguzi wake kuhusu uvuvi wa mito ya Nyanza na samaki wanaopanda kutoka ziwani. Mwaka 1965 D. A. Cadwalladr akaeleza jinsi ningu wa Nzoia walivyopungua na jinsi ujuzi wa uzio na migono ulivyofifia pamoja nao. Pezi lililomwezesha ningu kushindana na mto halikumsaidia mbele ya wavu asiouona. Mbuta, aliyeingizwa ziwani kuanzia 1954, aliongeza shinikizo kwa samaki wa asili.

Ufugaji ulichukua sehemu ya nafasi hiyo. Katika mpango wa kuchangamsha uchumi ulioanza mwaka 2009, serikali ya Kenya iligharimia mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Bungoma ilipata sehemu yake, na kituo cha samaki cha Chwele kilikuwa miongoni mwa vituo vya kutolea vifaranga vya ngege na kambare magharibi mwa Kenya. Tangu 2013 huduma za uvuvi zimekuwa chini ya serikali za kaunti.

Mfugaji husoma afya ya bwawa kwenye mapezi. Ngege mzima aliyetulia hupepea mapezi ya kifua kwa zamu, la kushoto kisha la kulia, kwa sababu maji anayotoa mashavuni humsukuma mbele na ni lazima ayazuie. Akiyabana ubavuni na kukaa juu ya maji akitweta asubuhi, hewa ya bwawa imepungua au ugonjwa umeingia. Kwa kambare, watafiti hutumia mwiba wa kifua kujua umri: hukatwa kipande chembamba karibu na shina, na chini ya hadubini huonekana pete za ukuaji za kuhesabika.

Mwambao na maabara

Baharini pezi la kifua limepanuka kazi zaidi kuliko mtoni. Pono wa miamba ya Kisite na Watamu huogelea kwa kulipiga juu na chini, mkia ukingojea wakati wa hatari. Jodari hulitandaza anapokwenda polepole, kwani ni mzito kuliko maji, na anapokimbia hulilaza ndani ya kishimo kilichochongwa ubavuni ili lisimzuie. Taa ameliunganisha na kichwa likawa mwili wote. Wanaokaa mchangani hulitembeza kwa mawimbi madogo ukingoni, na pungu hulipiga kama bawa. Panzi wa baharini hupiga mkia hadi atoke majini, kisha hufungua mapezi marefu na kuteleza hewani mita 100 na zaidi. Katika mikoko ya Gazi na Mida wapo samaki wadogo wa matopeni ambao pezi lao lina kiungo kama kiwiko. Huliegemea, huuvuta mwili mbele, na huishi sehemu kubwa ya siku nje ya maji.

Vyombo vya kisasa viliyapima upya maelezo ya zamani. Mwaka 1999 Eliot Drucker na George Lauder waliweka samaki katika maji yenye chembe ndogo zilizomulikwa kwa leza, wakaona kwamba kila pigo la pezi la kifua huacha nyuma pete za maji yanayozunguka. Kwa kuzipima walijua nguvu ya pigo. Mwaka 2000 Cheryl Wilga na Lauder walitumia njia hiyo kwa papa hai. Alipoogelea sawasawa, mapezi ya kifua hayakutoa msukumo wa maana wa kwenda juu. Mwili wake wenyewe ulioinama kidogo ndio uliofanya kazi hiyo. Papa aligeuza ukingo wa nyuma wa pezi alipotaka kupanda au kushuka. Sanamu ya Harris ilikuwa imeshikiliwa bila kusogea, na mapezi yake yalikuwa yametandazwa kuliko ya papa anayeogelea.

Kamongo naye alishangaza. Mwaka 2011 Heather King na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba kamongo wa Afrika Magharibi hutembea chini ya maji, akiuinua mwili kutoka sakafuni. Lakini hutumia nyuzi za tumbo. Zile za kifua hazihitajiki, kwa kuwa mapafu yaliyojaa hewa tayari yameinua upande wa mbele.

Waliorudi majini

Mikono iliyotokana na pezi la kifua ilirudi baharini mara kadhaa. Kasa waligeuza mikono kuwa makasia wanayoyapiga kama mabawa. Mababu wa nyangumi waliingia majini takriban miaka milioni 50 iliyopita. Katika kiungo cha mbele cha pomboo au nyangumi mna mfupa wa juu, mifupa miwili ya kigasha, kifundo na vidole, vyote vimefunikwa kwa ngozi moja ngumu. Wala hamna vijiti vya pezi. Nyangumi wa nundu, anayepita pwani ya Kenya kati ya Julai na Septemba, ana kiungo kinachofikia theluthi ya urefu wa mwili, chenye vinundu ukingoni mwa mbele ambavyo huchelewesha maji kubanduka anapogeuka kwa ghafla. Nguva, waliobaki wachache upande wa Lamu na Kiunga, hutumia viungo hivyo kujiongoza na kujiegemeza sakafuni wakila majani ya baharini.

Hivyo pezi la samaki na kasia la nyangumi hufanana kwa kazi, ila mpangilio wa mifupa hutaja njia tofauti zilizopitwa. Kiungo kati ya vijiti na vidole kilitafutwa katika jeni. Mwaka 2016 Tetsuya Nakamura, Neil Shubin na wenzao walizima katika samaki mdogo wa maabara jeni za kundi la Hox13, zilezile zinazojenga kiganja na vidole katika panya. Vijiti vya pezi la kifua vilipungua sana au kukosekana, na mahali pake mifupa midogo ya shina ikaongezeka. Ilidhihirika kwamba seli zinazojenga ncha ya pezi la samaki na zile zinazojenga vidole huongozwa na maagizo ya asili moja. Samaki wa Nzoia wanaoogelea kwa vijiti na wavuvi wanaowavua kwa vidole wamerithi maagizo hayo kutoka kwa mababu waleule wa zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita.